Kijana wa darasa la 11 anataka kusomea nyumbani: nianze na vitabu au na nini?

Mshauri, shikamoo kama unastahili; kama ni mdogo wangu, basi habari za kazi.

Naandika kutoka Houston, Texas. Tuna watoto watatu, mkubwa ni wa kiume, ana miaka 16, na mwezi huu wa Juni amemaliza darasa la 10 katika shule ya umma. Basi linampitia saa kumi na mbili kasoro asubuhi, anarudi hoi, na mwaka huu ameingizwa mara mbili kwenye ugomvi ambao haukuwa wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuomba asomee nyumbani miaka miwili iliyobaki. Si mtoto mzembe. Anataka uhandisi wa mitambo, na hesabu anazipenda.

Masomo aliyokwisha kupita: Aljebra ya kwanza alimaliza darasa la 8, Jiometri la 9, Aljebra ya pili la 10, ila hiyo alipata 81 tu. Baiolojia na Kemia amefaulu. Kiingereza cha kwanza na cha pili, Jiografia ya Dunia na Historia ya Dunia vyote kamaliza. Kihispania alisoma mwaka mmoja akakichukia. Ripoti inasema ana krediti 14.

Mimi ni msaidizi wa wauguzi, naingia zamu ya usiku mara tatu kwa wiki, saa moja jioni hadi saa moja asubuhi. Baba yake anaendesha lori, wiki nzima inaweza kupita hajalala nyumbani. Kiingereza cha kuongea hakinisumbui, lakini kusahihisha insha siwezi, na fizikia niliiacha kidato cha pili.

Rafiki yangu amenishauri ninunue boksi lenye masomo yote ya darasa la 11, vitabu, video na mitihani, dola 1,400. Mume wangu anasema hizo ni hela za kutupa, na kwamba kijana hatapata cheti cha maana, ataishia kufanya mtihani wa GED kama walioacha shule. Anachokubali ni tumjaribu mwaka mmoja, akishindwa arudi shuleni darasa la 12.

Ninunue boksi au nisinunue? Mume wangu yuko sahihi juu ya cheti? Nipange masomo gani na kwa saa ngapi, ilhali mchana ndio nalala? Na Kiswahili anachoongea hapa ndani kinahesabika, au nimrudishe kwenye Kihispania?

Mama Kijana, Houston

*

Marahaba, Mama Kijana.

Boksi usinunue. Bei yake si hoja kubwa. Shida ni kwamba limetengenezwa kwa ajili ya mtoto yeyote wa darasa la 11, na wako tayari ana krediti 14 zenye mapengo yake mwenyewe na chuo anachokilenga. Halafu alama zote zitakazotoka kwenye boksi hilo zitakuwa na saini moja, ya mama yake.

Hapo ndipo penye kiini cha mipango yako yote. Maombi ya vyuo yatatumwa vuli ya mwaka ujao, wakati alama za darasa la 12 bado hazijatoka. Kwa hiyo darasa la 11 ni mwaka wa mwisho kamili ambao ofisi ya udahili itauona, na kwenu ni mwaka pekee wa kusomea nyumbani watakaouona. Kwa kila somo utakaloliandika, jiulize: zaidi yangu mimi, nani anathibitisha kwamba kijana analijua? Masomo mawili matatu yakiwa na jibu la nje ya nyumba, yaliyobaki yataaminika. Yasipokuwa nalo hata moja, A zako sita watazipita juu juu.

Tumalizane na baba kwanza. Kuhusu cheti, hofu yake haina msingi. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Juu ya Texas, katika kesi ya Leeper, ilikubali kwamba shule ya nyumbani inayoendeshwa kwa dhati ni shule binafsi. Masharti ni mafupi: mafunzo yawe ya kweli, yawe na mtaala unaoonekana kwa macho (vitabu, karatasi, au kwenye skrini), na yaguse kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Serikali haidai usajili, mtihani wa mwaka wala idadi ya saa. Diploma mnatoa ninyi wazazi. Vyuo vya umma vya Texas vinabanwa na sheria visimbague mwombaji kwa sababu hiyo, na GED hahitaji. Kwa kweli asiifanye, maana inaweza kumpa sura ya mtu aliyeacha shule, na hakuacha.

Lakini lile wazo lake la kujaribu mwaka mmoja ndilo litakalowagharimu. Mtoto wa darasa la 6 anaweza kujaribu na kurudi bila madhara. Wa darasa la 11 akirudi shule ya umma anapokewa kama aliyetoka shule binafsi isiyo na ithibati: wilaya ya shule ndiyo itakayoamua krediti zipi izikubali, na inaweza kumdai afanye mitihani ya kuthibitisha kila somo, ambako kwa aliyekwisha kufundishwa kiwango cha kupita ni asilimia 70. Juu ya hapo kuna STAAR, mitihani ya jimbo ya mwisho wa somo inayodaiwa ili kuhitimu shule ya umma. Mitano, na mmoja wao ni Historia ya Marekani, somo la darasa la 11. Kijana anaweza kujikuta darasa la 12 anafukuzia krediti za mwaka uliopita huku wenzake wanaandika maombi ya vyuo. Kwa hiyo kaeni na baba yake muamue miaka miwili, au msiamue kabisa. Mkiona miwili ni mingi, abaki shuleni na mshughulikie basi na huo ugomvi kwa njia nyingine.

Mkishaamua, jambo la kwanza ni kumtoa shuleni kwa maandishi. Barua pepe fupi kwa mkuu wa shule na ofisi ya kumbukumbu inatosha: jina la mtoto, tarehe anayotoka, sentensi moja kwamba atasomeshwa nyumbani, na nyingine kwamba mtaala utagusa yale masomo matano. Itume kabla ya siku ya kwanza ya muhula wa Agosti. Wazazi wengi hudhani likizo ikiisha mtoto asipotokea basi ametoka. Shule inaendelea kumhesabu mtoro, na barua za mahakama huanzia hapo, kwa sababu kuhudhuria ni lazima mpaka miaka 19. Wakikuambia uende ujaze fomu yao au uwaonyeshe vitabu, jibu kwa adabu kwamba barua yako imekamilika. Katika barua hiyohiyo omba transkripti (orodha ya masomo, krediti na alama) rasmi ya darasa la 9 na la 10 pamoja na matokeo yake ya STAAR. Ofisi nyingi wakati wa likizo huwa na mtu mmoja, kwa hiyo omba mapema.

Sasa masomo. Shule ya umma ya Texas humhitimisha mwanafunzi kwa krediti 22, au 26 akichukua mwelekeo maalumu. Hazikubani, lakini tumia 26 kama rula. Ana 14, zimebaki 12. Krediti moja ni saa 120 hadi 180 za kazi, nusu ni 60 na zaidi. Ningempa 5.5 mwaka huu na 6.5 mwaka ujao: Kiingereza cha tatu, Prikalkulasi, Fizikia yenye maabara, Historia ya Marekani, Kiswahili, na nusu krediti ya kuandika programu kwa Python muhula wa kwanza tu. Asiongeze. Kosa la kawaida la familia inayoanza ni kupanga masomo nane kwa furaha ya uhuru, na ikifika Novemba matatu yamekufa kimyakimya.

Historia asiisome nyumbani. Aisome chuo cha jamii (community college), kwa mpango unaomwezesha mwanafunzi wa sekondari kupata krediti pande zote mbili. Watoto wanaosomea nyumbani wanapokelewa, wewe ukisaini kama mkuu wa shule na kuwapa transkripti yake. Kozi za vyuo vya jamii vya Texas zina namba za pamoja, na tarakimu ya pili inakuonyesha saa za chuo: HIST 1301 ni saa 3, MATH 2412 ni saa 4. Sheria ya Texas inamdai kila mhitimu wa chuo kikuu cha umma saa 6 za historia ya Marekani, hivyo akisoma HIST 1301 muhula wa kwanza na HIST 1302 wa pili, anakuwa amemaliza krediti moja ya sekondari na deni la chuo kikuu kwa mpigo mmoja. Na mwalimu wa chuo ndiye baadaye atakayeandika barua ya kumpendekeza, barua ambayo wewe mzazi huwezi kuiandika.

Mlango wa kuingilia ni TSIA2, mtihani wa Texas unaopima kama mwanafunzi yuko tayari kwa kozi za chuo. Kupita moja kwa moja ni 945 upande wa kusoma na kuandika pamoja na insha yenye alama 5, na 950 upande wa hesabu. Afanye Julai, maana nafasi za mwezi wa nane hujaa. Insha ndiyo inayowaangusha wengi. Wanaandika aya tatu fupi wanaondoka, wakati inatakiwa hoja moja inayosukumwa kwa mifano katika maneno 300 hadi 600. Aandike tano za mazoezi kabla ya siku yenyewe.

Kozi ya saa 3 ni saa 3 za darasa kwa wiki kwa wiki 16, na angalau saa 6 za kusoma mwenyewe. Toleo la wiki 8 lina kazi ileile kwa nusu ya muda, kwa hiyo muhula wa kwanza mkatalie. Tena mweleze waziwazi: alama ya chuo haifutiki. F ya darasa la 11 itamfuata mpaka maombi ya shahada ya pili. Katika muhula wa kawaida siku ya 12 ya masomo ndiyo tarehe ya kuhesabu wanafunzi. Akijitoa kabla ya hapo kozi haiachi alama, akijitoa baadaye inabaki W, alama ya aliyejitoa. Ifikapo wiki ya pili kaa naye muangalie silabasi na alama za mwanzo, muamue.

Hesabu zinataka uangalifu zaidi, kwa sababu ndizo zitakazomfungulia au kumfungia uhandisi. Ile 81 ya Aljebra ya pili ina mashimo ndani yake, na Prikalkulasi huyakuta yote. Wiki ya kwanza mpe mtihani wa maswali 40, bila kikokotoo: kugawa polinomia katika vipengele, vipeo vya sehemu, logi, milinganyo yenye kigezo chini ya mstari, na funkisheni ndani ya funkisheni. Akipata chini ya 32, wiki tano za mwanzo ni za kukarabati sehemu alizokosa tu, si kurudia kitabu kizima. Kitabu anakipata bure: OpenStax, mradi wa Rice University hapohapo Houston, wana vitabu vya Prikalkulasi na Fizikia vya kupakua bila kulipa senti. Muhula wa kwanza nyumbani amalize ukarabati, funkisheni na trigonometria. Muhula wa pili aingie MATH 2412 chuoni, ambayo ndiyo Prikalkulasi yenyewe, aje kukuta asilimia 60 ya mambo ameshayaona. Darasa la 12 anaanza MATH 2413, Kalkulasi ya kwanza.

Washauri wa vyuo vya jamii mara nyingi humsukumia mwanafunzi wa sekondari MATH 1314, Aljebra ya Chuo, kwa sababu wengi ndiyo wanayoihitaji. Mhandisi haimsaidii, shahada za uhandisi huanza kuhesabu kwenye Kalkulasi. Akikataliwa 2412, aombe mtihani wa kumpima kiwango kwanza.

Nyumbani, utaratibu wa hesabu uwe huu. Maswali anafanya kwa kalamu, anasahihisha mwenyewe kwa majibu ya nyuma ya kitabu, kila alilokosa analiandika upya kwenye daftari la makosa na sababu yake kwa mstari mmoja: “nilisahau alama ya kutoa nilipofungua mabano.” Kila baada ya wiki mbili, mtihani wa karatasi, siku ambayo huna zamu, simu yake iko mezani kwako. Huhitaji kuijua trigonometria ili kumsimamia hapo. Simu zina programu zinazotatua swali kwa kupiga picha, na kijana mzuri kabisa anaweza kupata 95 kwenye mazoezi wiki sita mfululizo halafu 50 kwenye mtihani wa kwanza wa chuo. Pengo la zaidi ya alama 15 kati ya mazoezi na mtihani wako ni dalili tosha.

Fizikia mnaweza kuifanya nyumbani bila mwalimu, ila maabara iwe ya kweli. Chuo hakitakuuliza video ngapi alitazama, kinaweza kuuliza majaribio mangapi alifanya na ripoti ziko wapi. Panga majaribio 14, moja kila baada ya wiki mbili na nusu hivi, ripoti ya kurasa mbili kila moja: lengo, vifaa, jedwali la vipimo vya mkono kama vilivyotoka, grafu, na aya juu ya makosa ya upimaji. Mizani ya jikoni inayosoma gramu 1, tepu ya mita, uzi, nati nzito, springi, betri, waya, vipinga na multimita ya bei ya chini, vyote havifiki dola 80. Mwigo wa kwenye kompyuta wa PhET, kutoka University of Colorado Boulder, ni wa bure na unafaa kwa yale yasiyowezekana nyumbani, lakini usizidi majaribio manne kati ya 14.

Chukua pendulumu, ambayo huonekana ya kitoto. Anafunga nati kwenye uzi, anapima urefu wa sentimita 40, 60, 80, 100 na 120, kila mara anahesabu mizunguko 20 na kugawanya muda kwa 20. Kwa mita moja mizunguko 20 inapaswa kuchukua sekunde 40 na kidogo. Akianza kuhesabu kwa kusema “moja” wakati anaiachia, badala ya “sifuri”, amehesabu 19, na mchapuko wa mvutano wa dunia (g) utamtokea 10.9 badala ya 9.8. Akipima uzi mpaka kwenye fundo badala ya katikati ya nati, grafu ya muda mraba dhidi ya urefu haitapita kwenye sifuri, lakini mteremko wake utabaki karibu 4.0 na jibu litatoka sahihi. Akiweza kueleza kwa nini, kwa maandishi yake, hiyo ripoti ihifadhi. Ni bora kuliko cheti chochote kitakachokuja na boksi. (Na asiivute pembeni zaidi ya digrii 15.)

Kiingereza ndiko unakohitaji mtu. Mpango wenyewe hauna ugumu: maandiko ya Kimarekani, kazi ndefu sita kwa mwaka, insha moja kila wiki mbili, na utafiti mmoja wa kurasa nane wenye vyanzo muhula wa pili. Kinachokwama ni masahihisho. Insha isiyosahihishwa inamfundisha kurudia makosa yake. Tafuta mwalimu wa Kiingereza wa sekondari au aliyestaafu, mkubaliane insha 16 kwa mwaka kwa bei ya kila insha, arudishe kwa vigezo vya maandishi: hoja, ushahidi, mpangilio, sarufi. Kila insha iwe na rasimu mbili, ya pili ndiyo ipewe alama. Kozi ya Kiingereza ya chuo, ENGL 1301, iache mpaka darasa la 12. Kozi tatu za chuo kwa mkupuo muhula wa pili ni nyingi kwake.

Kiswahili kinahesabika, na hapo ndipo mwalimu mwenyewe ni wewe. Ila angalia mtego: kipimo cha Texas ni krediti mbili za lugha moja. Ile moja ya Kihispania na moja ya Kiswahili hazijumlishwi. Kwa hiyo Kiswahili kiwe cha miaka miwili, la 11 na la 12, na Kihispania kibaki kwenye transkripti kama somo la hiari. Wala kuongea nyumbani kusigeuzwe somo. Watoto wengi wanaokulia huko husikia kila kitu na kujibu nusunusu. Ngeli zinapotea (“kitabu yangu”), na kuandika ndiyo hawawezi kabisa. Saa nne kwa wiki: habari mbili kutoka Mwananchi, BBC Swahili au DW, muhtasari wa maneno 150 kwa kila moja, zoezi la upatanisho wa ngeli, insha ya maneno 400 kila wiki mbili, na kila mwisho wa mwezi azungumze dakika tano bila karatasi, umrekodi. Mtihani wa AP wa Kiswahili haupo, wala wa CLEP, ile mitihani inayoweza kumpa mwanafunzi krediti za chuo. Ushahidi wa nje utaupata kwenye mitihani ya kuongea na kuandika ya ACTFL, baraza la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, ambayo Kiswahili kimo. Afanye mwishoni mwa darasa la 11, ili matokeo yawepo wakati wa maombi.

Ukijumlisha yote, ni saa 35 hivi kwa wiki kila muhula. Usidanganywe na wanaosema shule ya nyumbani inamalizika saa sita mchana. Hiyo ni ya watoto wadogo. Gawa mambo ya wiki 32 katika kalenda ya wiki 36, wiki nne zilizobaki zitaliwa na mafua, kimbunga na mitihani.

Zamu zako si kikwazo, mradi usipange ratiba inayokutaka uwe macho saa nne asubuhi. Aanze saa mbili na nusu, kazi ngumu kabla ya adhuhuri: hesabu, kisha fizikia. Historia alasiri. Ukiamka saa tisa, dakika 20 tu: anakuonyesha kilichokamilika kwenye karatasi ya mpango wa wiki, si kukueleza. Mara moja kwa wiki, siku isiyo ya zamu, saa moja kamili ya kujaza alama na saa. Baba akiwa barabarani apewe Kiswahili cha simu, Ijumaa jioni, kijana amsimulie habari aliyosoma. Na jambo moja tunakusihi: wadogo zake wasiwe mzigo wake mchana kwa sababu “si yuko nyumbani.” Mipango mingi ya namna hii hufia hapo.

Tarehe moja haisubiri. PSAT ya darasa la 11, mtihani wa kujiandaa na SAT ambao ndio mlango wa tuzo za ufadhili za National Merit, hufanyika Oktoba na hujiandikishi mwenyewe mtandaoni. Lazima upitie shule. Sheria ya elimu ya Texas, kifungu 29.916, inazitaka wilaya zimruhusu mtoto wa nyumbani anayeishi ndani ya mipaka yake kufanya PSAT na AP kwa ada ileile ya wengine. Piga simu wiki hii kwa mratibu wa mitihani wa shule yenu. Ukipiga Septemba unaweza kukuta umechelewa. SAT, mtihani wa kuombea vyuo, anajiandikisha mwenyewe: mara ya kwanza Machi, ya pili Agosti, namba ya shule ya nyumbani ni 970000. Siku hizi hufanywa kwenye kompyuta, saa 2 na dakika 14, na majaribio kamili ya bure yamo kwenye programu ya Bluebook. Kwenu SAT si ya hiari: University of Texas at Austin imerudisha sharti la SAT au ACT kwa wanaoanza 2025 na kuendelea, na kwa mtoto wa nyumbani alama hiyo ni shahidi mwingine wa nje.

Transkripti ianze Agosti hii, usingoje mwakani. Ukurasa mmoja: masomo kwa mwaka, krediti, alama, wastani wa 4.0, maelezo ya jinsi alama zinavyotolewa, saini yako. Kozi za chuo ziandikwe na namba zake na jina la chuo. Pembeni yake weka hati ya maelezo ya masomo, mistari mitano hadi saba kwa kila somo: vitabu, kazi alizofanya, alama zilivyogawanywa. Andika kila somo linapoisha. Mzazi anayengoja hadi mwaka unaofuata hujikuta hakumbuki kitabu kilikuwa toleo gani, na insha zimefutwa na kompyuta iliyoharibika. Common App, fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi kwa pamoja, inafunguliwa tarehe 1 Agosti, na humo wewe ndiye utakayejaza nafasi ya mshauri wa wanafunzi, kwa hiyo fungua anwani ya barua pepe ya kazi hiyo tu.

Zile dola 1,400 zigawe hivi: ada ya kozi tatu za chuo ndiyo itakayokula sehemu kubwa, hivyo kabla ya kujiandikisha uliza bei ya wakazi wa wilaya ya chuo na uende na uthibitisho wa makazi. Kisha msahihishaji wa insha, TSIA2, SAT mbili, mtihani wa ACTFL, na vifaa vya fizikia. Python haihitaji hata senti. Kompyuta anayo na mafunzo yake ni bure.